Nyundo ya baba mkubwa ndani ya mega nne

Baba mkubwa anafua shaba katika ua wa nyumba yake, komini ya Katuba, mjini Lubumbashi, Kongo, tangu kabla sijazaliwa. Ananiita Mama, maana jina langu ni la mama yake, na kila nikiingia getini anasimamisha nyundo kwanza, ananisalimu, anauliza habari za nyumbani, ndipo anarudi kazini. Nimekulia ndani ya sauti ile. Nyundo ndogo juu ya patasi butu ina mlio wake, mkavu na wa haraka, na aliyeuzoea anajua hata akiwa jikoni kama mzee yuko kwenye paji la uso au kwenye jicho, kwa sababu penye jicho mapigo yanakuwa mepesi na ya karibu karibu.

Kwa asiyeijua kazi hii: karatasi ya shaba, unene wake nusu milimita hivi, inalazwa kifudifudi juu ya kitanda cha lami. Anaipiga kwa nyuma ili sura itokeze mbele, kisha anaigeuza na kurudisha chini palipozidi. Shaba ikipigwa sana inachoka, inakuwa ngumu, inataka kupasuka. Hapo anaipitisha motoni mpaka iwe nyekundu, anaizamisha majini, inalainika upya. Mwisho anaipaka weusi bamba zima, halafu anasugua vilele peke yake. Weusi unabaki mabondeni, vilele vinawaka.

Nayasema haya kwanza kwa sababu nilipoanza kutengeneza filta za simu, zile za uhalisia ulioongezwa ambapo kamera inaushika uso wako na kuuvika kitu kisichokuwepo, niliyaruka yote. Nilidhani kazi ni ya kompyuta tu.

Ilikuwa mwaka 2021. Nilikuwa naishi kwa kutengeneza mabango na kadi za harusi. Programu ya Spark AR, ya kutengenezea filta hizo, ilikuwa imefunguliwa kwa kila mtu wa Instagram tangu Agosti 2019, ilikuwa ya bure, na nilijifunza usiku, umeme ukirudi. Filta yangu ya kwanza nilipiga picha bamba moja la mzee, mwanamke mwenye nywele za kusukwa, nikalikata, nikalibandika kama fremu kuzunguka uso wa mtumiaji. Binamu zangu wa Likasi na Kolwezi waliisambaza. Nikampelekea mzee simu kwa furaha. Akaiangalia kwa muda, akaiinamisha huku na huku kama anavyofanya na bamba akitaka kuona kosa.

“Mama, hii iko foto tu. Mukuba iko wapi?”

Mukuba ndiyo shaba kwa lugha za wazee wetu. Na alikuwa amesema kweli. Alipoiinamisha simu alikuwa anangoja mwanga utembee. Katika picha mwanga umeshagandishwa: ule mng'ao uliokuwa juu ya shavu saa nne asubuhi siku niliyopiga picha utabaki juu ya shavu lile milele, hata mtumiaji akigeuka, hata akiingia chumbani. Shaba halisi haifanyi hivyo. Ukiipita ukutani inakufuata.

Mtu wa Lubumbashi akiiona shaba haoni pambo peke yake. Kabla ya ukoloni wafua shaba wa Katanga walikuwa wakiyeyusha madini na kumimina misalaba iliyotumika kama pesa. Misalaba mitatu ya namna ile iliwekwa kwenye bendera ya Katanga ya 1960, na jimbo lenyewe liliitwa Shaba kuanzia 1971 hadi 1997. Mzee wangu alizaliwa katika mji huu huu ulipoitwa bado Élisabethville, akafanya kazi ujana wake wote katika jimbo lililoitwa kwa jina la kitu alichokishika mkononi. Sasa mimi namletea karatasi yenye rangi ya machungwa, namwambia hii ni shaba. Niliona haya.

Nikaanza upya. Nilitaka umbo lenyewe liingie kwenye simu, mabonde na vilele, ili programu ipewe bonde na ikatae mwanga pale, ipewe kilele na iuwashe. Njia niliyoiweza ni kupiga picha nyingi za kitu kimoja kutoka kila upande, kila picha ikifunika sehemu kubwa ya iliyotangulia, kisha programu inatafuta nukta zinazofanana na kujenga umbo. Nilitumia Meshroom, nayo ni ya bure, lakini inataka kadi ya grafiki ya NVIDIA, na kompyuta yangu haina. Rafiki anayehariri video za harusi aliniachia yake siku za Jumatatu, wakati hakuna harusi.

Mara ya kwanza nilipiga picha mwezi wa nane. Anayeujua mwezi wa nane wa huku anajua: mbingu tupu, jua kali, vumbi. Nilipiga picha zaidi ya mia. Programu ikafanya kazi saa sita, ikanipa kitu kama nguo iliyoliwa na panya, matundu kila mahali. Nilipozikuza picha nikaelewa. Programu inatafuta nukta zisizohama, na juu ya shaba iliyosuguliwa kila kitu kinahama: jua, ukuta, ndoo ya buluu ya shangazi, uso wangu mwenyewe nikiwa nimeshika simu. Nilikuwa nimepiga picha za ua mzima ndani ya shaba, na shaba yenyewe sikuipiga.

Nilisoma kwamba wanaofanya kazi hii hupaka unga mweupe juu ya kitu kinachong'aa. Niliogopa kumwambia mzee nipake unga wa mtoto kwenye bamba alilolitengeneza wiki mbili. Nikamwambia hata hivyo. Hakushangaa hata kidogo. Akaingia ndani, akatoka na bonge la pemba, ule udongo mweupe, akalisaga kiganjani, akaupuliza juu ya bamba na kuusambaza kwa kitambaa kikavu. Kumbe na yeye hufanya hivyo akiwa kazini, bamba linapompumbaza kwa mng'ao na hajui tena palipo juu na palipo chini. Miaka yote nimemwona akifanya hivyo, na nilidhani anasafisha.

Basi nikangoja mvua. Asubuhi moja ya Desemba, mawingu yamefunga, mwanga hauna upande, nilipiga picha mara mbili. Mara ya kwanza bamba likiwa na pemba, kwa ajili ya umbo. Mara ya pili likiwa limefutwa, kwa ajili ya rangi. Jumatatu yake nilipata uso wa mwanamke yule kwenye kompyuta, kila pigo la nyundo lilionekana. Nilikaa nikiuzungusha peke yangu mpaka chai ikapoa.

Lakini umbo lile, ambalo kompyuta hulijenga kwa pembetatu ndogo ndogo, lilikuwa na pembetatu laki tisa. Filta ya Instagram ilikuwa haitakiwi kuzidi mega 4 (megabaiti), yaani filta nzima na kila kilichomo, na picha ya kuvika uso isizidi pikseli 1024 kwa 1024. Mega 4! Hapa kwetu tunanunua mega kwa pesa, tunazijua uzito wake, na hata hivyo sikuwa nimefikiria jinsi zilivyo chache. Picha moja ya simu yangu ilikuwa inazidi hapo.

Kuna ufundi wa kulipita hilo. Unachukua umbo jepesi, katika kazi hii ni uso wa mtumiaji mwenyewe jinsi kamera inavyoushika, halafu mabonde na vilele vya umbo zito unavigeuza kuwa picha. Programu ya Blender inaifanya kazi hiyo. Inatoka picha ya ajabu, zambarau na buluu, ambayo kila rangi yake inauambia mwanga: hapa uso umeelekea kushoto, hapa umeelekea juu. Simu inasoma rangi zile na kuweka kivuli palipo tambarare kana kwamba pamebonyea. Ukiongeza kipimo cha chuma mpaka mwisho, na kipimo cha ukwaruzo katikati, ngozi inageuka metali. Na kwa kuwa metali haina rangi bila kitu cha kuakisi, nilipiga picha ya duara ya ua wa mzee, ukuta wa matofali, mwembe, anga, nikaiweka ndiyo dunia inayoakisiwa. Ukivaa filta ile ukiwa Ndola au Brussels, shavuni mwako kuna ua wa Katuba. Hili nalipenda kuliko yote niliyofanya, ingawa hakuna aliyewahi kuligundua bila kuambiwa.

Tatizo lilikuwa alama za nyundo. Uso wa bamba si uso wa mtumiaji, huwezi kuubandika moja kwa moja. Nikachukua kipande cha shavu chenye mapigo mazuri, nikakirudia uso mzima, sawasawa, kutoka kidevu mpaka nywele. Nikajivalisha. Nikampa mzee.

“Huyu mutu iko mugonjwa,” akasema.

Na kweli nilionekana kama mtu mwenye ndui. Sikuelewa kwa nini. Mapigo yalikuwa yake mwenyewe, yamepimwa na kompyuta, hayakuongezwa wala kupunguzwa.

Hapa nataka kusimama kidogo, kwa sababu ndipo nilipojifunza. Siku iliyofuata nilimchapishia karatasi ambayo sisi watengeneza filta tunaichukulia kawaida tu: kiolezo cha uso uliofumuliwa. Ni uso wa mtu uliochunwa na kutandazwa kama ngozi ya mbuzi juu ya ngoma, mashavu yamepanuka, pua imelala, macho na mdomo ni matundu. Kila niliyemwonyesha anaogopa au anacheka. Nilitaka kumweleza mzee hatua kwa hatua jinsi karatasi ile inavyokunjwa kuwa uso. Sikupata nafasi. Aliipokea, akaiweka juu ya meza yake ya kazi, akaikalia mbele.

“Hii njo uso mbele ya nyundo,” akasema. Uso kabla haujapigwa.

Bila shaka. Miaka arobaini na zaidi mtu huyu ameanza kila uso kwenye karatasi tambarare. Anajua kabla ya pigo la kwanza kwamba shavu lazima lichorwe pana kuliko litakavyoonekana, kwa sababu likitokeza litajivuta. Kitu nilichohitaji miezi kukielewa kwenye kompyuta, yeye ndicho anachokifanya kila siku kwa lami na moto.

Akachukua chaki. Akaanza na mistari, hakuanza na nukta. Kutoka kwenye mzizi wa pua akavuta mistari miwili ikizunguka chini ya macho kwenda masikioni, mingine kutoka kidevuni ikipanda na taya. Nyundo inafuata njia hizi, akasema, kama maji yanavyofuata mtaro. Kwenye paji akaweka alama kubwa, zimeachana. Karibu na macho, ndogo, zimebanana. Alipofika kwenye midomo akaizungushia mstari na kuacha ndani mweupe kabisa. “Hapa nyundo haifiki.” Midomo inasukumwa mara moja kwa patasi pana, inasuguliwa, basi. Na ncha ya pua vile vile, na sehemu ya juu ya kope. Mwanga unahitaji mahali pa kulala.

Nilihesabu baadaye. Kwenye filta ile ya mtu mgonjwa nilikuwa nimeweka mapigo elfu mbili na zaidi. Kwenye karatasi ya mzee yalikuwa chini ya mia tatu.

Nilichora upya kila kitu kwa kufuata chaki ile. Faili ikashuka, maana sehemu laini hazina uzito, na filta nzima ikawa mega 2 na kitu. Nilikuwa nimelaani mpaka ule wa mega 4 wiki nzima, nikiona kwamba unamkata mzee mikono. Kumbe mapigo niliyokuwa nayatetea hayakuwa yake. Yeye anapunguza tangu asubuhi mpaka jioni, na alikuwa anajua la kuacha. Mimi nilikuwa napunguza kwa kompyuta, nikipunguza kila mahali kwa kiasi kile kile.

Niliijaribu filta ile kwenye simu za jirani, zile Tecno na itel za bei ndogo, kwa sababu nikiijaribu kwenye simu nzuri nitajidanganya. Mchana ilikwenda vizuri. Usiku, chini ya taa moja ya dari, ilitikisika, na kwenye ngozi nyeusi kama zetu kamera ilikuwa inaupoteza uso mara kwa mara. Sikuweza kuirekebisha kamera, lakini niliweza kutoa kivuli nilichokuwa nimekiongeza pembeni mwa uso, ambacho kilikuwa kinameza mwanga mdogo uliokuwepo. Na nikaandika katika maelezo: simama karibu na mlango.

Nilipozidi kupata moyo nikataka kifwebe. Mzee hufua nyuso za kifwebe, ile barakoa ya Waluba na Wasongye yenye mifereji ya mistari uso mzima, na nilijua kwamba kwenye simu ingependeza mno, mistari ikitembea na tabasamu. Nilimwomba. Akaweka nyundo chini.

“Hapana, Mama. Kifwebe haivaliwe na kila mutu. Uitie ku ukuta, batu baiangalie.”

Nilibisha kidogo. Nikamwambia watalii wanainunua, inatundikwa sebuleni hata kwa wasiojua maana yake. Akasema kutundika ni kuangalia, na kuvaa ni kitu kingine; aliyevaa zamani alitayarishwa, hakuivaa kwa kubonyeza. Nilikubali, na sijutii. Kifwebe yetu kwenye filta iko nyuma ya mtu, ukutani, inageuka kidogo unapogeuka, na haigusi uso wa mtu yeyote. Kuna vijana walioniandikia wakitaka ya kuvaa. Nawajibu hivyo hivyo alivyonijibu.

Kazi ya michoro nayo ina mambo yake. Mchoraji mmoja wa komini ya Kenya aliniomba niihuishe picha yake: ukielekeza simu kwenye turubai, samaki waanze kuogelea. Anachora kwa mistari mifupi mifupi inayofuatana, akifuata njia ya Mwenze Kibwanga, mmoja wa wachoraji waliotoka Le Hangar, ile karakana ambayo Pierre Romain-Desfossés aliianzisha hapa mjini mwaka 1946. Mistari ile inashangaza macho ya binadamu, lakini simu inapotea ndani yake. Inahitaji mahali pasipofanana na pengine popote ili ijue iko wapi, na mistari inayojirudia inaiambia kwamba iko kila mahali. Tulipata suluhisho kwenye kona ya chini, penye matete na kokoto zilizochorwa bila mpangilio, pamoja na sahihi yake. Nikaiambia simu ishike kona ile tu. Samaki wakaogelea.

Na ruhusa. Waliniuliza wengi kwa nini sifanyi filta za picha za mchoraji Pilipili Mulongoy, ndege wake na mamba wake zinajulikana dunia nzima. Pilipili alifariki mwaka 2007, na sheria ya hakimiliki ya nchi yetu ya 1986 inalinda kazi ya mtunzi miaka 50 baada ya kifo chake. Kazi ile ina wenyewe. Hata na baba mkubwa, damu yangu, tuliandika karatasi: nani mwenye kazi, pesa ikija inagawanywaje, jina lake linaandikwa wapi. Tuliiandika kwa sababu mwenye mgahawa mmoja mjini alichukua video ya filta yetu, akachapisha uso ule wa shaba kwenye menyu yake, bila jina. Tulipokwenda tukiwa na karatasi mkononi alitusikiliza. Bila karatasi nadhani angetupa soda na kutusindikiza.

Tarehe 27 Agosti 2024 Meta, kampuni yenye Instagram na Facebook, ilitangaza kwamba inafunga jukwaa la Spark, na kuanzia 14 Januari 2025 filta za watengenezaji wa nje zikaondoka Instagram na Facebook. Zetu tatu zikaondoka pamoja nazo. Nilikuwa nimejua miezi minne kabla, na bado asubuhi ile niliitafuta filta ya shaba kwenye simu, na pale ilipokuwa palikuwa patupu.

Kosa langu lilikuwa moja: mafaili ya mradi niliyaweka kwenye kompyuta peke yake, na kompyuta ikafa mwezi wa kumi umeme uliporudi kwa nguvu. Kilichobaki ni diski ya nje yenye picha za Desemba, zote mbili, ya pemba na ya shaba tupu. Na karatasi ya chaki, ambayo mzee alikuwa ameipulizia vanishi yake ya shaba bila kuniambia, ikawa ngumu kama ubao.

Nimeijenga upya kwenye Lens Studio ya Snapchat, ambayo inaruhusu mega 8, na nyingine kwenye Effect House ya TikTok. Ilichukua wiki tatu. Nafasi imekuwa mara mbili, na mapigo nimeacha yale yale, chini ya mia tatu.

Mwezi uliopita mzee aliniuliza kama ninayo nyingine ya zile karatasi za uso. Nikamchapishia, kubwa, kwenye karatasi nne nilizoziunga kwa gundi. Sikuuliza ni ya nini. Nilipopita Jumapili nilimkuta ameitandaza juu ya bamba la shaba, amechora pembezoni kwa msumari, na alikuwa ameshafika kwenye taya la kushoto. Anaufua uso uliofumuliwa vile vile ulivyo, umelala, mashavu yamepanuka, macho ni matundu. Mapigo yanafuata mistari ile ile ya chaki. Midomo bado hajaigusa.